Hakuna Kilichoota

Wasifu wa dada Perisi ulisomwa na binti yake mkubwa, kijijini kwao upande wa Bahi, chini ya turubai la bluu lililopigwa na upepo hadi maneno mengine hayakusikika. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akazaa watoto watatu. Kuhusu kazi, binti alisoma kwamba marehemu alikuwa muuguzi wa hospitali kwa miaka michache tu, kisha akaacha kazi ya wodini kwa hiari yake, akapenda zaidi kutunza kadi za wagonjwa katika zahanati, na kwamba kwa miaka yote iliyofuata hakushika tena sindano. Watu walitikisa vichwa taratibu, wakiuona huo kuwa unyenyekevu. Mimi nilikaa viti vya nyuma, mtandio umenifunika hadi kwenye nyusi, na niliposikia yale maneno, kwa hiari yake, niliinama nikaanza kufuta vumbi kwenye kiatu. Bwana Malogo, mkuu wangu wa maabara enzi hizo, naye alishatangulia miaka mingi nyuma. Hakuna aliyebaki wa kunikanusha wala wa kunishtaki, na ndiyo maana leo nimepata ujasiri wa kuandika. Msinisifu kwa hilo.

Mambo ya kwetu nitayaruka. Inatosha kujua kwamba nilitoka Busi, kule Kondoa, na kwamba kwetu mnyama akikohoa anachomwa sindano kwanza, maswali yanafuata baadaye. Hata mimi mtoto wa kike nilijua kuvuta dawa ya ng'ombe kwenye bomba kabla sijajua kuandika barua. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza chuo cha maabara, nimepangiwa mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi katika hospitali moja ya Dodoma ambayo sitaitaja. Mwisho wa mwaka huo mkuu wa maabara angeandika ukurasa mmoja kunihusu, na ukurasa huo ndio ungeamua kama nitavaa koti jeupe maisha yangu yote au nitarudi kupalilia alizeti. Niliuota ukurasa ule hata mchana. Sikuwa na mchumba wala sikuwa na mpango mwingine wowote.

Nilipata chumba Chang'ombe pamoja na Perisi, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliyenizidi miaka saba. Kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, na dirisha lililotazama mashine ya kusaga, kwa hiyo kila kitu chetu kilikuwa na unga mwembamba juu yake, Biblia yake na msala wangu pia. Alikuwa Mgogo, Mwanglikana wa kwaya, mcheshi, mwenye tabia ya kuimba sauti ya tatu peke yake bila kujali kwamba ya kwanza na ya pili hazipo. Tangu siku niliyohamia hakuleta kitimoto, nyama ya nguruwe, chumbani, na wala sikuwahi kumwomba. Jioni tulisonga ugali wa uwele tukala na mlenda uliotiwa karanga, kwenye sinia moja sakafuni, naye akinihadithia wodi yake: nani kajifungua pacha, nani kamtukana mkunga, mume gani kazimia. Aliniita mdogo wangu. Sijawahi kupata rafiki mwingine wa namna ile, na nilivyomtendea, sikustahili kupata.

Maabara yetu ilikuwa na kipimo cha kuotesha, na tulijivuna nacho kupita kiasi. Damu ya mgonjwa huwekwa kwanza kwenye chupa yenye supu ya lishe, kisha tone lake, au usaha wa kidonda, hupakwa kwenye kisahani chenye ute ulioganda, kikalazwa kwenye joto la mwili. Kesho yake unatazama kama kuna vijidudu vilivyoota. Ute huo huchanganywa na damu, kwa kuwa vijidudu vya aina fulani havikubali kuota bila damu, na kwa kazi hiyo tulifuga kondoo nyuma ya jengo, karibu na tanuri la kuchomea taka. Alikuwa dume mweupe mwenye kichwa cheusi. Tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikula bure na kutoa kidogo, na mtu wa Dodoma, mji wa Bunge, hahitaji kufafanuliwa utani huo. Kumtunza ilikuwa kazi yangu. Kila Jumatatu asubuhi nilimbana kwa magoti, nikachoma mshipa wa shingo, nikajaza chupa yenye shanga za kioo na kuitikisa mpaka mkono unauma, ili damu isigande. Baada ya hapo nilimpa pumba na kumkuna kichwa.

Bwana Malogo, mkuu wetu, alikuwa mtu mwembamba mwenye koti lililonyooshwa kwa pasi hadi kwenye mifuko, na ulimi wa kuchuna ngozi. Sijapata kumwona akienda wodini. Wagonjwa aliwajua kwa vipande vyao, na hivyo ndivyo alivyowaita: kikohozi cha wodi ya tatu, mkojo wa yule mchungaji, usaha wa wodi ya Perisi. Sisi wadogo tulicheka, nami nilicheka kuliko wote, kwa sababu ya ukurasa wangu. Mwaka ule mganga mkuu alikuwa amechoshwa na dawa za kuua bakteria kutolewa ovyo, mpaka vijidudu vikawa havisikii dawa, akatoa amri: siku mbili za mwanzo mgonjwa apewe, kisha daktari afuate majibu ya maabara, kama hakuna kilichoota, dawa isimamishwe, homa itafutiwe sababu nyingine. Ilikuwa amri nzuri, na hata leo ningeitetea. Ila ilimaanisha kwamba kikaratasi chetu kinaweza kufunga kabati la dawa la wodi nzima.

Mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea na nyuma ya jengo pamegeuka tope, Mheshimiwa akaanza kukohoa na kutoa makamasi. Nilimwonea huruma, na nilijihurumia mimi zaidi, kwani kondoo akifia mikononi mwangu Bwana Malogo angekuwa na neno la kuanzia ule ukurasa. Jumamosi nikaenda duka la dawa za mifugo, nikachukua kile kichupa cha rangi ya dhahabu ninachokijua tangu utotoni, nikamchoma pajani kipimo cha kumtosha ndama. Jumatatu nikamtoa damu kama kawaida. Alipopata nafuu nilijipongeza, nikaendelea kumchoma kila Jumamosi, wiki baada ya wiki, asije akarudiwa. Sikuwa nikificha. Sikuona kama ni jambo la kumwambia mtu. Kwamba dawa hiyo ni adui wa bakteria, kwamba inakaa kwenye damu ya mnyama kwa siku kadhaa, kwamba damu hiyo ndiyo naichanganya kwenye visahani, yote hayo nilikuwa nimeyajibu kwenye mtihani wa chuo na kupata alama za juu.

Visahani vikaanza kutoka safi. Si vyote, vijidudu sugu viliendelea kuota, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Vilivyotoweka ni vile laini, ambavyo penisilini ya kawaida ingevimaliza kwa siku chache. Tuliandika hakuna kilichoota, hakuna kilichoota, hasa kwa sampuli za wodi ya wazazi, na kwenye kikao cha asubuhi mganga mkuu akasema usafi umeanza kuzaa matunda, akampa Bwana Malogo mkono mbele ya watu. Bwana Malogo akarudi maabara akatununulia soda. Nakumbuka nilikunywa yangu nikiwa nimeegemea ukuta wa nje, Mheshimiwa akinilamba vidole, na nikajiona mtu mwenye bahati.

Jioni Perisi alirudi akiwa haimbi. Alisema wanawake wake wanaungua. Walifanyiwa upasuaji wa kujifungua, siku ya tatu homa inapanda, dawa inakatwa kwa sababu maabara imesema hakuna kitu, wanatibiwa malaria ambayo hawana. Wengine miili yao ilipambana wakatoka. Mmoja aliyemhangaisha kuliko wote ni Yunisi, binti wa miaka kumi na tisa kutoka vijiji vya Chamwino, mzazi wa kwanza, mtoto wake wa kike akiwa mzima kabisa. Siku moja nilipita kwenye benchi la nje ya wodi nikiwa na kikapu cha sampuli, nikamsikia mama mkwe wake akimwambia mwenzake, kwa Kiswahili cha kujifunzia ukubwani, "Wanasema hamna kitu kwenye damu. Kama hamna kitu, mbona ananuka?" Mwenzake akajibu polepole kwamba uzazi una siri zake, kwamba mwanamke aliyetoka nje ya ndoa akificha jina la huyo mtu haponi mpaka alitaje, na kwamba mashine ikikosa ugonjwa ujue si ugonjwa. Nilisikia, nikaendelea na kikapu changu. Nilidhani ni maneno ya benchi.

Hayakuwa ya benchi. Kesho yake, kwa maelezo ya Perisi, mama mkwe alikaa kitandani kwa Yunisi na chupa ya uji mapajani, akakataa kuifungua mpaka atajiwe jina. Binti alikuwa na homa ya kumtoa akili. Akataja jina, la kwanza lililomjia, huenda la mwalimu wake wa darasa la tano, Mungu ndiye ajuaye. Akapewa uji. Mume wake aliitwa nje akaambiwa, akasimama kidogo kwenye veranda, akaondoka na hakurudi tena. Perisi alinisimulia hayo akiwa amekaa sakafuni na viatu vya kazi bado mguuni, akisema ameshindwa hata kumkaripia yule mama, kwa sababu karatasi ya maabara ndiyo iliyomfundisha.

Wiki hiyo alikuja kwenye dirisha la maabara mara nne. Mara ya nne palikuwa na foleni ya wagonjwa nyuma yake, na Bwana Malogo hakupunguza sauti. Alimwuliza kama chuoni kwao walifundishwa kutoa damu au kuchinja kuku. Perisi akasema, bila hasira, kwamba yule binti anakufa na anaomba damu yake itazamwe tena. "Sista," Bwana Malogo akamjibu, "maabara haioteshi huruma. Niletee damu iliyotolewa vizuri." Foleni ikacheka, na mimi nyuma ya bosi wangu nikatabasamu. Perisi aliniona. Jumamosi akaleta chupa nyingine, akaiweka dirishani, akaenda zake.

Jumatatu Mheshimiwa alikata kamba akapotelea kwenye mashamba ya jirani, na mlinzi hakumrudisha mpaka karibu adhuhuri. Sikutaka kuchelewesha kazi, kwa hiyo nikachukua mfuko wa damu ya mchangiaji uliokuwa umepitwa na muda kwenye jokofu, nikatengenezea visahani vipya. Damu ya Yunisi nilipaka tone moja kwenye kisahani kipya, na tone jingine kwenye kimoja cha kondoo kilichobaki wiki iliyopita, ili tu nacho kisiharibike bure. Jumanne asubuhi nikavitoa. Cha kondoo kilikuwa safi. Cha mchangiaji kilikuwa kimejaa vidoa vidogo, kila kimoja kimezungukwa na duara angavu, vijidudu vya homa ya uzazi ambavyo kila mwanafunzi anavitambua kutoka mlangoni. Tone lilitoka chupa ile ile na mkono ulikuwa wangu. Nikageuza ndoo nikaikalia.

Nilimpelekea Bwana Malogo vyote viwili. Hili nalitaja kwa sababu ndilo tendo pekee jema nililofanya mwaka ule, na lilidumu dakika tano. Alivisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama kwa muda mrefu, kwani alikuwa na akili kuliko sisi wote.

"Kondoo kapewa nini?"

"Sindano ya mifugo, mzee. Alikuwa anakohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Kila Jumamosi."

Akavua miwani akaifuta. Aliniuliza nani mwingine anajua, nikasema hakuna. "Basi hakuna," akasema, akaviweka visahani kwenye droo ya meza yake, akafunga kwa ufunguo. Kisha akanieleza kwa sauti ya upole ambayo sijaisahau. Majibu ya Yunisi yatatoka, ila kesho, yakiongozana na barua. Barua itasema kwamba baada ya maabara kusisitiza sampuli itolewe ipasavyo, vijidudu vimepatikana, na kwamba sampuli za awali za wodi ile zilikuwa zinaharibiwa na mtoaji. Barua inahitaji kupigwa chapa na kugongwa muhuri, na majibu yakitangulia barua, watu wataanza kuuliza wenyewe. Nilisema yule mgonjwa yuko hali mbaya. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemkumbusha kwamba ule usaha una mwenyewe. "Ukurasa wako, binti," akasema, "bado sijauandika."

Penisilini ilikuwa kwenye kabati la wodi, upande wa pili wa chumba alimolala Yunisi. Nililijua hilo siku nzima.

Tulikula mapema jioni ile, jua likiwa bado kwenye mabati, mlango wazi. Perisi alisonga ugali yeye, kwa kuwa nilisema kichwa kinaniuma. Alisema Yunisi hatambui watu tena, ila mkono wake unamtafuta mtoto kwenye shuka. Akaniuliza, akitazama sinia, "Mdogo wangu, ile damu ya Jumamosi haijaota kitu?" Nilikuwa nimeshika tonge. Neno moja lingetosha. Angeacha chakula pale pale, angekimbia na kandambili zake hadi hospitali, angemwamsha daktari hata kwa kofi. Niliogopa. Sina jina jingine la kuliita jambo hilo, si usahaulifu wala ujinga. "Bado, dada," nikasema, nikachovya tonge kwenye mlenda, nikameza. Akanisogezea upande wangu palipobaki karanga nyingi.

Yunisi alikufa Jumatano saa nne asubuhi. Barua ilifika wodini saa sita, muhuri bado mbichi. Nasikia mama mkwe hakulia. Alisema binti alichelewa kutaja. Ijumaa yake Bwana Malogo akaagiza Mheshimiwa achinjwe kwa ajili ya wafanyakazi, kuadhimisha sijui nini, na mimi kwa kuwa Mwislamu niliombwa nimtafute mchinjaji. Nilimtafuta. Tulikula ushahidi wote kwa wali, na nyama ilikuwa laini.

Kikao cha Perisi kilifanyika wiki iliyofuata, kwenye chumba chenye kitambaa cha kijani mezani. Barua ilisomwa. Vifo vya wodi vilisomwa. Mganga mkuu, mtu mwenye haki ambaye aliamini makaratasi, aliniuliza swali moja: kama visahani vya maabara vilikuwa sawa kipindi chote. Nilisema vilikuwa sawa. Perisi akaulizwa kama ana swali kwa shahidi, akatikisa kichwa. Nilitarajia anitazame kwa chuki, na ingekuwa nafuu kwangu. Alinitazama kama mtu anayesikiliza akitaka kuelewa. Waliamua aondolewe wodini, apangiwe zahanati ya mbali, na jalada lake liandikwe uzembe.

Jumapili ya mwisho alirudi kutoka kanisani mapema, akafunga mizigo yake. Sikumsaidia, nilijifanya nafua nguo. Kitanda chake kilipobaki godoro tupu alikuja akaketi karibu yangu, akaniambia nisikae naye kwa aibu, kwamba hana kinyongo. "Ungenitetea kwa urafiki, mdogo wangu, ningeendelea kuua watu." Kisha akatoa kwenye mkoba bomba la sindano, pamba, chupa ndogo ya spiriti na mpira wa kufungia mkono, akavipanga juu ya kanga yake. Alisema hawezi kuondoka bila kujua alikuwa anakosea wapi. Alisema amerudia kichwani kila hatua na haoni. Akaniomba nimtazame akitoa damu kwenye mkono wangu, nimwambie.

Akafunga mpira, akapapasa mshipa kwa kidole kimoja, akapaka spiriti, akangoja kidogo, akachoma. Sikuhisi kitu. Damu ikapanda kwenye bomba taratibu, bila povu, bila papara. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, nimefundisha mamia, na sijaona mkono uliokamilika kama ule. Na wakati huo ukurasa wangu ulishaandikwa. Nilikuwa nao kwenye mkoba tangu Ijumaa, umejaa sifa, umegongwa muhuri. Hapakuwa tena na kitu cha kupoteza, isipokuwa namna alivyokuwa akinitazama.

"Hungoji spiriti ikauke," nikamwambia. "Inaingia na sindano. Inaviua vijidudu kabla havijatufikia."

Akabonyeza pamba kwenye mkono wangu. "Kumbe," akasema. Halafu akaanza kuwataja wanawake wake kwa majina, mmoja mmoja, polepole, kila jina akifikia kidole kingine, na alipofika kwa Yunisi alisita akapitisha mkono usoni. Alipomaliza akaniomba mkono wa pili. Akapaka spiriti, akasubiri, midomo yake ikihesabu bila sauti, muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka ngozi yangu ikakauka kabisa.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo, dada," nikasema.